Matembezi ya Mafunzo Katika Milima ya Singida

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika)



Mwanachama wa chama cha msingi aulizwapo mali ya kijiji chake ni nini, hutaja alizeti, vitunguu, asali, kuku na ng'ombe. Na wale wa upande wa Wembere huongeza pamba. Ni nadra kumsikia akitaja mlima. Mlima huhesabiwa kuwa mahali pa kukata kuni na kulishia mbuzi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja wageni wamekuwa wakiifuata milima ya Singida: wengine kuchimba dhahabu, wengine kunakili michoro ya mapangoni, na wengine kutafuta hazina ambayo hakuna aliyepata kuiona. Wengi wao walikwenda zao, mwenyeji akabaki na mashimo.

Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza njia moja ya kuitunza mali hiyo, nayo ni matembezi ya kuongozwa, yanayosimamiwa na wenyeji wenyewe kwa utaratibu wa ushirika.

Umri wa mawe

Sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida ni uwanda ulioinuka, na mji wenyewe uko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Chini ya uwanda huo umelala mwamba wa kale sana, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Yale majabali ya itale yaliyobebana pembezoni mwa maziwa ya Singidani na Kindai hayakupangwa na mtu wala hayakubebwa na mafuriko. Yaliumbika chini ya ardhi, kutokana na uji wa moto uliopoa polepole. Udongo wa juu ulipoondoka, maji yakapenya katika nyufa, joto la mchana na baridi ya usiku vikayamenya maganda kama kitunguu, hata yakabaki mviringo.

Huko Iramba pana mwamba wa namna nyingine, uliotokana na volkano za kale. Maji ya moto yaliyobeba dhahabu yalipita katika nyufa za mwamba huo, na yalipopoa yaliacha mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu ambalo kila mchimbaji analijua. Ndiyo sababu dhahabu haipatikani kila mahali. Aidha, asafiriye kutoka Singida kwenda Nzega huteremka Mlima Sekenke, na hapo huona kwa macho yake jinsi ardhi ilivyokatika: Iramba imebaki juu, na mbuga ya Wembere imeshuka chini, ikiwa ni tawi la Bonde la Ufa liendalo kaskazini hadi Ziwa Eyasi. Madereva wanaujua mteremko huo kwa ajali zake. Ni wachache walioelezwa ulitokeaje.

Michoro ya wahenga

Katika mapango ya Isanzu na Iramba kuna michoro ya wanyama na watu, iliyochorwa hasa kwa rangi nyekundu itokanayo na udongo wenye chuma. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifika sehemu hizo katika miaka ya 1930 akanakili michoro mingi. Baadaye Knut Odner alichunguza mambo ya kale ya Iramba, na taarifa yake ikatoka mwaka 1971. Mwaka 1979 mtaalamu wa Kitanzania, Fidelis Masao, alitoa kitabu juu ya michoro na zana za mawe za Tanzania ya kati. Kwa hiyo basi, habari za mapango hayo zimo katika maktaba za mbali, hali mtoto wa shule anayechunga mbuzi mlangoni pa pango hajapata kusimuliwa lolote.

Dhahabu ya Sekenke

Sekenke inahesabiwa kuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa kisasa katika nchi hii. Wajerumani walianza kuchimba hapo mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na serikali ya Kijerumani ikaishiwa sarafu. Mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, ambako zilipigwa sarafu za rupia 15 zipatazo 16,000. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7 hivi, na juu yake ilichorwa sura ya tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji wa Tabora. Leo sarafu hizo hununuliwa na matajiri wa ng'ambo kwa bei kubwa, wala wengi wao hawajui kwamba chimbuko lake ni Iramba.

Uchimbaji haujakoma. Wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi huko Sekenke na Shelui, na baadhi yao wamejiunga katika vyama vya ushirika. Mwaka 2023 mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji katika Wilaya ya Ikungi. Hivyo mazungumzo juu ya urithi wa madini si hadithi za kale tu. Yanawahusu watu walio kazini leo.

Hazina isiyoonekana

Katika mikoa ya kati imeenea imani kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia, walizika dhahabu mapangoni. Imani hiyo imeleta hasara ya kweli. Katika pango la Mungomi wa Kolo, wilayani Kondoa, watu wamechimba chini ya michoro wakitafuta hazina hiyo. Wanachokitupa kando kama takataka, yaani vigae, mifupa na vipande vya mawe yaliyochongwa, ndicho kitabu chenyewe cha historia. Tabaka zikishavurugwa hazipangiki tena.

Kondoa hufundisha jambo jingine pia. Uzio wa waya uliowekwa zamani kulinda baadhi ya mapango uling'olewa, na waya ukapata kazi nyingine vijijini. Uzio haukufaa kitu kwa kuwa jirani wa pango hakuuona kuwa ni wake. Mwaka 2006 eneo hilo, lenye mapango zaidi ya 150, liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mgeni afikaye huripoti kwanza katika ofisi ya mambo ya kale hapo Kolo, kisha huongozwa. Wakati huo huo wenyeji wameendelea kufanya matambiko yao katika Mungomi wa Kolo. Utafiti, utalii na mila vinaweza kukaa mahali pamoja, mradi pawepo utaratibu unaoheshimiwa na pande zote.

Kazi ya chama cha msingi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda kazi za mikono ya binadamu za kabla ya mwaka 1863, michoro ya mapangoni ikiwamo, na inakataza kuchimbua mambo ya kale bila kibali. Lakini sheria haina macho katika kila kilima. Macho ni ya wanakijiji. Matembezi ya kuongozwa huyapa macho hayo kazi, kwani njia inayopitwa na watu wanaojulikana, kwa siku zinazojulikana, humtia hofu mwenye sululu ya usiku.

Chama kinachotaka kuanza kingefaa kuzingatia mambo haya.

Kwanza, wazee waulizwe kabla ya njia kuchaguliwa. Pango la tambiko lisiingiwe bila idhini yao, na wakikataa, pabaki hivyo. Vivyo hivyo Wahadzabe wa Mkalama wasigeuzwe maonyesho. Wao wenyewe ndio wa kuamua kama wanataka wageni.

Pili, orodha ya mapango ihifadhiwe ofisini, wala isibandikwe ukutani. Kuutangaza mlima kupita kiasi ni kumwelekeza mwizi.

Tatu, michoro isiguswe, isimwagiwe maji ili ionekane vizuri pichani, wala moto usiwashwe pangoni. Warina asali wanaotumia moshi waelezwe na wao.

Nne, mashimo ya zamani ya dhahabu yatazamwe kwa mbali. Yana kingo zilizooza, na mengine yamefichwa na nyasi. Mgeni asiteremshwe humo kwa malipo yoyote, na palipo na njia ya watoto au mifugo, shimo lizungushiwe miti ya miiba na kutolewa taarifa ofisi ya madini. Mahali panapochomwa zebaki si pa kusimama kutazama. Moshi wake huharibu ubongo na mafigo, na humdhuru mtoto aliye tumboni.

Tano, kiongozi afunzwe, na chama kitakapopokea watalii kwa malipo, taratibu za leseni zifuatwe. Lakini wageni wa kwanza wawe wanafunzi wa shule za kijiji, tena bila malipo.

Sita, kila shilingi iandikiwe stakabadhi. Wanachama wenye umri wanakumbuka jinsi vyama vikuu vilivyofutwa mwaka 1976, na ilivyobidi sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Imani ya wanachama hujengwa polepole na huvunjwa na daftari moja lililopotea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni vema mkutano mkuu uamue mapema ni sehemu gani ya kiingilio itakwenda kwa kiongozi, sehemu gani kwa kijiji, na sehemu gani kwa ulinzi wa njia.

Yafaa isemwe wazi kwamba mapato ya matembezi hayatachukua nafasi ya alizeti. Chama kitakachoahidi utajiri kitakuwa kimefanya kama wale wa hazina ya Mjerumani. Faida yake ni ndogo lakini ya hakika: ujira kwa vijana wachache, somo la kweli kwa wanafunzi, na mapango yatakayokutwa salama.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Kabla ya mkutano mkuu ujao, katibu na achukue daftari jipya, aketi na wazee watatu au wanne, wanawake kwa wanaume, na kuandika majina ya vilima, mapango na mashimo ya kale ya eneo la chama chake, pamoja na maana ya kila jina. Baadhi ya majina hayo yamebaki katika kumbukumbu ya mtu mmoja tu, naye ni mzee.