Fungu la Nyuki



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wazee wangu, kina mama, na ndugu zangu vijana. Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya swaumu, zaka na kulinda ulimi. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya mazingira, nami nimechagua bustani ya nyumbani, yaani maua tunayopanda na wadudu wanaoyatembelea. Lakini kabla ya nasaha nina kosa langu la kuwasimulia. Haifai mtu ashike kipaza sauti awafunze wenzake bustani, ilhali bustani ya kwao yeye ndiye aliyeiharibu.

Kwetu ni Malindi. Nyuma ya nyumba nyanya yangu ana kiwanja kidogo, ukikipima kwa hatua hazifiki ishirini. Alikuwa na asumini, rihani, waridi na mlangilangi mmoja. Ukutani palikuwa na kivumbasi kilichojiotea chenyewe, na chini kabisa maboga yakitambaa. Nyanya hufunga vikuba. Kina mama hapa mnajua, penye harusi vikuba haviachi kutakiwa. Basi pesa za vikuba ndizo zilizonilipia madrasa na kuninunulia vitabu vya shule.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani kungojea matokeo. Kijana asiye na kazi, hujitafutia. Nikatazama kile kivumbasi nikaona ni magugu tu, tena kimejaa nyuki. Nikakikata chote nikakichoma moto. Nikanunua dawa ya wadudu, nikaipiga asubuhi kila palipokuwa na ua. Palikuwa na kipande cha udongo mtupu chini ya ukuta, chenye vitundu vidogo vidogo, nacho nikakimwagia simiti. Nyanya akatoka, akatazama, akaniuliza: "Umewafukuza wote, mwanangu?" Nikamjibu kwa fahari: "Wote, nyanya." Akanyamaza.

Ramadhani iliyofuata maboga yalichanua vizuri sana. Lakini kila kiboga kilichotunga kilifika ukubwa wa ndimu, kikageuka manjano, kikaoza nchani na kuanguka. Hatukupata hata kimoja. Boga la futari tukanunua sokoni. Nyanya hakunigombeza. Alisema tu: "Mwaka huu tumekula kwa macho." Wallahi maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye, nilipokuwa chuoni. Mmea wa boga una maua ya aina mbili, dume na jike. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake tangu siku ya kwanza. Ule unga wa manjano wa ua dume, ambao vitabuni huitwa chavua, sharti ufike kwenye ua jike. Upepo hauwezi kuubeba, ni mzito na unanata. Anayeubeba ni mdudu, hasa nyuki. Na ua la boga hufunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri limeshajifunga, wala halifunguki tena. Lina asubuhi moja tu. Mimi asubuhi ile ndiyo niliyokuwa nikipiga dawa.

Hebu sasa tutazame jamvi la futari. Boga la nazi ni kazi ya nyuki. Tikiti nalo ni ukoo mmoja na boga, bila nyuki hupati kitu. Sharubati ya pasheni inatokana na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, tunayemfukuza kwa fagio. Ua la pasheni ni kubwa, nyuki mdogo hupita chini akanywa utamu wake bila kuugusa unga. Yule mkubwa huusugua kwa mgongo. Na ukwaju je? Maua yake hutembelewa na nyuki.

Mtaniuliza, na tende? Tende inatufunza jambo. Mtende dume ni mti wake na mtende jike ni mti wake, na tangu zamani watu wa Madina na Arabuni hupanda mitini kwa mikono yao, wakachukua unga wa dume na kuutia kwenye mashada ya jike. Mwaka ule wa pili mimi na nyanya tulifanya hivyohivyo kwa maboga. Baada ya swala ya alfajiri nilichuma ua dume, nikaliondoa petali, nikalisugua ndani ya ua jike, moja baada ya jingine. Tulipata maboga matatu, alhamdulillahi. Lakini mgongo ulinikumbusha kwamba kazi ile nyuki alikuwa akitufanyia bure kila siku, nami nilimlipa kwa sumu.

Ndugu zangu, Qur'ani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la nyuki, Suratun Nahl, sura ya 16. Katika aya ya 68 Mwenyezi Mungu anataja mahali pa makao ya nyuki: milima, miti, na yale wanayojenga watu. Sisi tumetajwa mle. Sasa tukijenga nyumba tukaweka kabro kutoka ukuta mpaka ukuta, huyu kiumbe atakaa wapi? Na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake. Ujira wa nyuki hauzidi ua lililo wazi.

Hapa ndipo penye shida, na nataka vijana na kina mama tuelewane. Bustani zetu za Pwani ni za kukata maua. Asumini tunaichuma jioni ingali tumba. Rihani tunaikata kabla haijachanua. Waridi la petali nyingi, ule wingi wake huficha unga ndani. Bogenvilia inang'aa ukutani, lakini rangi ile ni ya majani yake, ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati. Kwa hiyo bustani inaweza kuwa nzuri kwa macho na pua, na nyuki akalala njaa. Sisemi mng'oe asumini! Nyanya atanifukuza. Ninasema tuweke fungu la nyuki. Nitawapa njia sita.

Kwanza, usikate chote. Ukiwa na mashina matatu ya rihani, kata mawili, la tatu liache lichanue mpaka litoe mbegu. Utapata pia mbegu za kupanda tena.

Pili, panda mimea ya asili ya hapa kwetu. Kivumbasi ndicho cha mwanzo. Hakitaki mbolea, kinavumilia jua, na maua yake hayakosi mgeni tangu asubuhi. Mshubiri ni mzuri wakati wa ukavu, nao huleta hata ndege chozi. Usiung'oe porini, omba chipukizi kwa jirani. Mwenye kiwanja kikubwa apande mkwaju. Au apande mkunazi, ambao majani yake tunayajua kwa kuoshea maiti, na ile asali ya Hadhramaut yenye sifa kubwa hutokana na maua ya mti wa ukoo huohuo.

Tatu, ukitaka maua ya kuweka mezani au ya kuuza, panda alizeti. Asili yake ni Marekani, lakini nyuki wanaipenda. Chagua ile yenye unga, kwa maana siku hizi kuna mbegu za alizeti zisizotoa unga, zilizotengenezwa kwa ajili ya wauza maua. Kata moja, acha moja.

Nne, acha kipande cha udongo mtupu na kipande cha gogo kavu. Wako nyuki wengi wasioishi mizingani, kila jike huchimba kitundu chake ardhini na kutaga humo. Vile vitundu nilivyovimwagia simiti huenda vilikuwa nyumba zao.

Tano, maji. Weka sahani ya udongo yenye mawe, mdudu apate pa kusimama asizame. Na msikitini au madrasani, maji ya udhu yanayokwenda bure kwenye mfereji yaelekezeni kwenye mimea.

Sita, dawa. Kabla ya kupiga, jiulize huyo mdudu ni nani. Kiwavi wa mdimu anayefanana na kinyesi cha ndege, tunayemponda kwa kandambili, ndiye baadaye yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Pale Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya ganda. Kiwavi ameleta riziki. Mdimu wako hautakufa kwa majani kumi. Ikibidi dawa, isipigwe kwenye ua lililo wazi.

Na tahadhari: nyuki huuma, na wapo watu ambao mwili wao hauustahimili huo uchungu wake. Kivumbasi kiwe mbali na mlango na madirisha ya darasa. Kundi likitua mtini, msilitupie mawe wala kulichoma moto, muiteni mfugaji nyuki.

Vijana wenzangu, haya hayataki mfadhili wala kamati. Ninaomba kila madrasa iliyowakilishwa hapa ipande hatua tano tu za ukuta wake, mvua za mwaka zikianza. Wanafunzi wagawane siku za kumwagilia. Tunajua kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba alichokipanda Muislamu ni sadaka yake kwa kila kiumbe atakayenufaika nacho, na hiyo ni thawabu inayoendelea wewe ukiwa umelala.

Ninamalizia kwa nyanya. Kivumbasi tulikipanda tena pale ukutani, na ile simiti niliivunja mwenyewe kwa nyundo. Nyuki hawakurudi kwa wiki moja, wala mbili. Nyanya siku hizi haoni vizuri, vikuba anafunga dada yangu. Lakini asubuhi moja nikiwa likizoni nilimkuta amekaa kwenye mkeka wake karibu na ukuta, amenyamaza. Nikadhani anavuta uradi. Akaniashiria nikae. Akasema: "Sikiliza. Wamerudi."

Kosa langu lilichukua asubuhi moja, kulirekebisha kulichukua karibu miaka miwili. Wewe unayesoma haya, usingoje kujifunza kwa njia yangu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe vyake, na atusamehe tuliyoyaharibu kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.