Kilima cha Wapiga Mishale: Mbinu za Vita kwa Kijana Anayepanga Biashara

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Muhuru Bay usiku wa 17 Ramadhan baada ya Tarawehe, na kuandikwa upya kwa ajili ya jarida hili.)



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wapenzi, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwa nasi usiku ule, huu ni usiku wa Badr. Kila mwaka tunasimuliwa habari za malaika walioteremshwa, na ni haki yetu kusimuliwa. Lakini kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo huwa tunalipita mbio mbio, nalo ni visima. Mimi chuoni nasomea biashara. Huko tunasomeshwa maneno ya Sun Tzu wa Uchina, aliyeandika kitabu cha vita chenye milango 13 zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na leo wakubwa wa makampuni wanakibeba mkobani kama tasbihi. Sina ugomvi nacho. Lakini nilipokuwa nikikisoma nilijiuliza, kwani haya tuliyosomeshwa madrasa katika Sira hayakuwa somo la namna hiyo hiyo? Tulihifadhi majina na miaka, tukayaacha mafunzo pale pale msikitini pamoja na juzuu.

Nina sababu ya kulileta jambo hili sasa hivi. Wote mnajua kuwa baada ya Idd kikundi chetu kitakaa kuamua pesa za mchango zitumike vipi, na mnajua upepo unavumia wapi: tununue boti na injini, tuingie ziwani. Naomba kabla hamjainua mikono mnisikilize.

Tuanze na Badr yenyewe. Mwaka wa 2 Hijria, Waislamu kama 313 wakiwa na farasi wawili na ngamia 70 hivi wa kupokezana, walikuwa wakikabiliwa na Makuraishi karibu 1,000. Mtume (S.A.W.) alipiga kambi penye kisima. Akaja Hubab bin al-Mundhir (R.A.) akauliza, je, pahali hapa umeamrishwa na Mwenyezi Mungu tusisogee, au ni rai na mbinu za vita? Akajibiwa ni rai. Basi Hubab akasema hapa si pazuri, twende mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui, tukijengee birika la maji, visima vingine tuvifukie. Mtume akakubali, na jeshi likahama usiku ule ule.

Hebu tuzingatie. Kwanza ni lile swali. Ikiwa Mtume mwenyewe aliulizwa, hii ni amri au ni rai, basi mpango wa biashara wa mwenyekiti wetu si wahyi, na kuuliza si utovu wa adabu. Katika vikundi vyetu mtu akiuliza anaambiwa analeta fitina. Pili, Hubab hakuongeza hata mtu mmoja kwenye jeshi. Idadi ilibaki ile ile, kilichobadilika ni pahali pa kusimama. Alichagua pahali ambapo kila mtu, awe na nguvu au asiwe nazo, lazima apite, manake katika jangwa hakuna asiyehitaji maji.

Sasa twende bichi. Ziwa letu ni kubwa, si ndio? Lakini la kwetu sisi Wakenya ni asilimia 6 tu. Karibu nusu ni la Tanzania na linalobaki ni la Uganda. Katika hiyo asilimia 6 zimo boti za kuanzia Busia mpaka hapa kwetu mpakani, na mnajua wenyewe anayepotea njia usiku kidogo tu yanampata yapi. Migingo ni jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira, na mwaka 2009 lilikaribia kuzigombanisha serikali mbili. Kijana anayenunua boti leo anaingia vitani pahali palipo pembamba kuliko pote, dhidi ya watu waliovua tangu babu zao, wenye nyavu nyingi na wanaojua kila jiwe. Anaweza kushinda. Lakini Hubab angemuuliza, mbona umepiga kambi hapa?

Kisima chetu kiko wapi basi? Mimi nasema kiko nchi kavu. Omena ikishavuliwa na nani, na kwa boti ya nani, ni lazima ianikwe. Haina njia nyingine, manake haingoji barafu kama mbuta. Na hapa kwetu nyingi bado inaanikwa kwenye nyavu kuukuu juu ya mchanga. Mvua ikinyesha saa nane mchana, mzigo uliokuwa chakula cha watu saa sita unageuka chakula cha kuku saa kumi, na bei inaanguka nao. Mama zetu wanalijua hili kuliko profesa yeyote. Samaki hakuvuliwa vibaya, wala mnunuzi hakukosekana. Kilichokosekana ni chanja za kuanikia zilizoinuliwa juu ya mchanga, turubai la kufunika kwa haraka na chumba kikavu cha kuwekea magunia. Mwenye vitu hivyo vitatu amekaa penye kisima, na wenye boti watamjia wenyewe.

Baada ya pahali kuna wakati, na hapa sisi tuliolelewa kwa mwezi mwandamo tuna bahati ambayo hatuioni. Omena hufuata taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote ni taa moja, omena hutawanyika na boti nyingi hulala. Ukitazama, basi, soko la omena linaendeshwa kwa kalenda ya Hijria, si ile ya ukutani ya benki! Zile siku nyeupe za 13, 14 na 15 ambazo wengine mnafunga Sunna katika miezi mingine, ndizo siku ambazo bichi imepoa na bei iko juu. Kuanzia kama 20 hivi giza linarudi, na linaendelea mpaka siku za mwanzo za mwezi unaofuata. Hapo mzigo unafurika na bei inashuka. (Usiku huu wa 17 mwezi bado ni mkubwa. Ndiyo maana tumejaa hivi. Tungekutana tarehe 25 ningehutubia mikeka.)

Kwa hiyo mwenye mpango hulinda pesa taslimu wakati wa mbalamwezi na hununua wakati wa giza. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunapata pesa kwenye giza, tunazimaliza kwenye mbalamwezi, halafu giza likirudi tunakwenda kukopa. Na ukitazama mwaka mzima hesabu ni ile ile, ila kubwa zaidi. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaane. Tarehe hiyo si siri, inajulikana mwaka mmoja kabla. Jenerali gani anaambiwa siku ya kuzingirwa mwaka mmoja kabla, na bado akutwe ghalani hana kitu? Mwenye magunia makavu yaliyofungwa vizuri mwezi Machi anao ushindani, kwa sababu mzigo kutoka ng'ambo ya mpaka nao huingia, lakini hana njaa.

Kuna faida nyingine tena. Giza la mwisho wa Ramadhan ni kumi la mwisho. Ndugu zetu wenye boti wanakesha ziwani katika masiku ambayo wangependa kukesha msikitini, na Mwenyezi Mungu anawajua. Mwenye chanja kazi yake inaanza boti zikirudi asubuhi. Anaweza kuswali, kula daku, kuswali Alfajiri, kisha akateremka bichi.

Nije kwenye Uhud, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike mada hii. Mwaka wa 3, Waislamu 700 mbele ya 3,000. Mtume (S.A.W.) akawaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.), wawalinde wenzao mgongo, akawahimiza wasiondoke, washinde au washindwe. Na walishinda! Adui alikimbia. Walio kilimani wakaona wenzao wanaokota ngawira, wakasema vita vimekwisha. Kiongozi wao akawakataza, wengi wakateremka, akabaki na wachache kama kumi. Khalid bin al-Walid, ambaye wakati huo hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi kwa nyuma. Waliouawa siku hiyo ni kama 70, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa.

Angalia ni wakati gani kilima kiliachwa. Adui alipokuwa mkali hakikuachwa. Kiliachwa pale ushindi ulipoonekana. Askari anayelinda mgongo siku ya ushindi anaonekana kama mtu aliyekaa bure wakati wenzake wanachuma. Na akiba ya biashara ni vivyo hivyo, wala haionekani upumbavu siku ya shida. Inaonekana upumbavu siku ya faida. Zile elfu kadhaa zimekaa tu kwenye simu au benki, hazinunui, haziuzi, na Idd inakuja, na kila mtu ana mama yake na kanzu ya mtoto. Hapo ndipo mtu husimama mkutanoni aseme, jamani, hizi zimelala tu, tugawane kidogo. Akishangiliwa, kilima kimeshateremkwa. Hasara inayokuja miezi miwili baadaye, iwe ni mvua, wavu ulioraruliwa na kiboko au mnunuzi aliyechukua mzigo kwa mkopo akazima simu, tunaiita bahati mbaya. Huyo ni Khalid. Alikuwepo siku zote nyuma ya kilima, anangoja.

Nichukue mfano wa hesabu tu. Tuseme vijana 20, kila mmoja anatoa 200 kwa wiki. Hizo ni 4,000 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni 200,000. Mimi ningezigawa hivi: 50,000 za chanja, turubai na kodi ya chumba, 90,000 za kununulia mzigo wakati wa giza, na 60,000 ziende kilimani. Mvua ikichukua mzigo wote, bado tunaweza kununua tena theluthi mbili ya ule wa kwanza bila kumpigia mtu magoti. Aliye kilimani asiwe mweka hazina peke yake, manake mtu mmoja akisumbuliwa atateremka. Wawe watatu, na iandikwe kwenye katiba ya kikundi kwamba pesa hizo hazijadiliwi katika mwezi wenye sikukuu. Na za injini? Kwa hesabu hii hazipo, na ndiyo maana wanaotaka injini huanza kwa kukila kilima.

Iandikwe pia siku ya kuondoka. Mu'ta mwaka wa 8, makamanda watatu waliuawa mmoja baada ya mwingine, Khalid, sasa Muislamu, akashika bendera na akalirudisha jeshi nyumbani. Kuna waliowarushia mchanga Madina wakiwaita wakimbiaji, Mtume akawatetea. Kikundi kikipoteza misimu miwili mfululizo, kifunge kikiwa bado na kitu cha kugawana.

Lakini kuna pahali mfano huu unakatika, na nyinyi mnaopenda vitabu vya Wachina na Wazungu mpasikie. Katika vita hila inaruhusiwa. Sokoni hapana. Mnunuzi si adui, na jirani wa chanja ya pili si Makuraishi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenyewe akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa mbona hakuuweka juu watu wauone, kisha likaja lile onyo zito juu ya mwenye kudanganya. Ndugu zangu, kile kisa ni gunia la omena la Muhuru Bay! Mbichi katikati, kavu juu, mchanga chini wa kuongeza uzito. Mnunuzi wa Kisii au Gikomba akilimwaga gunia la namna hiyo mara moja, hatauliza ni la nani. Atasema ni la Muhuru, na sote tumepoteza kisima.

Basi mkutano ni baada ya Idd. Anayetaka boti aje na hesabu yake ya mafuta, nyavu, leseni na siku za mbalamwezi, nami nitakuja na ya chanja, tuziweke juu ya mkeka mmoja. Na akina mama wanaoanika pale bichi waalikwe, waulizwe mvua iliwala magunia mangapi msimu uliopita.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.