Kamba Kabla ya Tandiko: Kumfunza Farasi na Punda Ukiwa Umesimama Chini

Mada kwa warsha ya masaisi, wapandaji wa mazoezi na wenye mikokoteni ya punda wa Kibera na Kawangware, karibu na Soko la Toi



Nimeombwa nizungumze juu ya kumfunza farasi. Nitaanza na neno ambalo baadhi ya wenye farasi hawatalipenda: mwalimu mkuu wa farasi si yule anayempanda. Ni saisi. Mpandaji hukaa mgongoni kwa muda mfupi asubuhi, akashuka, akaenda zake. Saisi ndiye anayemtoa bandani, anayemfunga, anayemsugua, anayemwogesha, anayempeleka malishoni na kumrudisha, anayemshika fundi wa viatu anapogonga misumari. Kila mara kamba inapokuwa mkononi mwake, farasi anajifunza kitu. Anaweza kujifunza kusimama akiambiwa simama, na anaweza pia kujifunza kwamba binadamu huyu anaburutika.

Mahali tulipokutania panafaa. Kutoka hapa Toi ukitokea Adams Arcade, ukaifuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, ukapita Ngando, unafika Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong. Mbio zilianza mjini Nairobi mwaka 1904 na zikahamia uwanja huo mwaka 1954. Tangu hapo ajira ya mabandani imelisha nyumba nyingi za mitaa hii. Upande wa Kawangware kuna mnyama wa pili wa mada hii, punda, ambaye hana uwanja wala tuzo, ila mitungi ya maji, mchanga na magunia ya viazi. Nimewaweka pamoja kwa makusudi. Mwenye kujua kumwongoza mmoja ana nusu ya elimu ya kumwongoza mwingine, na ile nusu iliyobaki nitaifikia.

Historia ya kazi hii imeandikwa kwa upande mmoja. Vitabu vinamtaja Beryl Markham, aliyekulia Njoro, akapata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa msichana wa miaka 18 hivi, na mwaka 1936 akaruka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi. Alifariki Nairobi mwaka 1986, akiwa anaishi palepale uwanjani Ngong. Anastahili sifa zake. Lakini mabandani mwake alikuwapo arap Ruta, aliyecheza naye utotoni, kisha akawa mkono wake wa kulia kwenye kazi ya farasi. Nani aliyekuwa akiwashika wale farasi alfajiri, akiwazoesha mikono ya watu na vishindo vya mjini, sihitaji kuwaelezeni ninyi.

Mkono unaobana na mkono unaoachia

Farasi ni windo. Kwa maelfu ya miaka aliponea kwa kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu mzunguko mzima, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji lake na kingine nyuma ya mkia. Ndiyo maana tunamwendea kwa upande wa bega, tukimsemesha. Ukimtokea kwa nyuma kimyakimya akakurushia teke, hilo teke umelitafuta.

Mnyama wa namna hii hafundishiki kwa nguvu, kwa sababu nguvu anazo kutuzidi. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500. Anafundishika kwa jambo moja dogo: anatafuta starehe. Ukiibana kamba kidogo, anaanza kutafuta namna ya kuondoa mbano huo. Atajaribu kuinua kichwa, kusukuma mbele, kukanyaga pembeni. Akijaribu lile unalolitaka, achia papo hapo. Mbano humwuliza swali tu. Jibu analipata pale mkono unapoachia. Ukichelewa hata sekunde mbili, umemlipa kwa jambo jingine alilokuwa akilifanya wakati huo, pengine kukanyaga mguu wako.

Watu wa Toi wanalijua hili vizuri. Muuzaji akishakubali kukupunguzia shati, nawe ukaendelea kumvuta bei, kesho ukija hashuki hata shilingi. Farasi ni hivyohivyo. Amerudi nyuma hatua moja kama ulivyoomba, nawe bado unasukuma. Kesho akikuona na kamba atakaza shingo, kwa sababu amejua kwamba kukubali hakumpi nafuu yoyote.

Elimu hii si ngeni. Mgiriki Xenophon, aliyeandika juu ya farasi katika karne ya nne kabla ya Kristo, alionya kwamba mtu asimshughulikie farasi akiwa na hasira. Miaka zaidi ya 2,300 imepita na bado asubuhi mabandani unasikia mtu akimtukana farasi kwa sababu mwenyewe amechelewa matatu.

Sasa tuje kwenye kamba yenyewe. Iwe ndefu kama mita tatu na nusu, nene ya kujaa mkononi, laini. Ikunje mikunjo inayolala kiganjani. Usiizungushe mkononi hata kidogo, kwa sababu farasi akishtuka itakaza na vidole vitakwenda nayo. Simama usawa wa bega lake, kamba ikining'inia kidogo chini ya kidevu. Tembea. Kisha simama wewe kwanza, mwili mzima, pumzi nje. Mara za mwanzo atakupita. Usimvute usoni. Ibane kamba kuelekea kifuani mwake, ushikilie bila kuongeza, ungoje. Angalia miguu ya mbele. Kabla hajarudi nyuma, uzito utahama kwanza: kifua kinaingia ndani kidogo, nyonga inashuka, sikio moja linageuka upande wako. Achia hapo. Usingoje hatua kamili. Hata wazo la kurudi nyuma lilipe. Mpe muda. Ukimwona anatafuna bila chakula, au anashusha kichwa na kupumua kwa nguvu puani, mwache apumzike.

Likishakaa hilo, mfundishe kusogeza nyuma yake pembeni unapoelekeza mkono kwenye paja, mara kulia, mara kushoto. Wengi wetu tunamwongoza farasi kwa upande wa kushoto tu, desturi ambayo inasemekana ilitokana na askari waliovaa upanga kushoto. Siku hizi hakuna upanga, lakini farasi aliyezoeshwa upande mmoja ni nusu farasi: kitu kikimtokea upande wa pili ataruka kama hajawahi kukiona. Mzoeshe pande zote mbili.

Kuhusu vitu vya kutisha: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, tumepoteza kifaa kizuri cha mazoezi, ingawa sidhani farasi wanasikitika. Tumia gunia la chakula lililo tupu. Lishike mbali, litikise, na uache kulitikisa pale anapotulia, si pale anapokimbia. Ukiondoa gunia anaporuka, umemfundisha kwamba kuruka kunafukuza magunia. Farasi anayepitishwa kando ya Ngong Road, kwenye bodaboda na matatu zenye honi za nyimbo, amefunzwa na mtu mwenye gunia na subira.

Kuna mbinu iliyotangazwa sana na Mmarekani Monty Roberts, ya kumzungusha farasi ndani ya ua wa duara hadi ageuke na kumfuata mtu. Kwa mwenye jicho la kusoma mwili wa farasi, ina maana. Lakini nimeiona ikiigwa na watu waliotazama video tu: wanamkimbiza mnyama hadi jasho linatiririka, anakuja kwa uchovu, nao wanasema amependa. Kama huna muda wa kujifunza wakati wa kuacha kusukuma, mwongoze tu kwa kamba. Utafika.

Faida ya mafunzo haya ya kamba inaonekana siku za kazi ngumu. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi na kinga yake ni chanjo; farasi aliyefundishwa kusimama hachomwi sindano kwa watu wanne na kamba puani. Farasi anayegoma kuingia kwenye kizimba cha kuanzia mbio, watu wote wakimtazama, aghalabu aligoma kwanza kwenye mlango wa banda, akaachiwa apite mbio, na hakuna aliyeona ni jambo.

Juu ya tandiko

Hapa nitakuwa mfupi, maana yaliyo juu ni yaleyale ya chini. Farasi aliyejua kusimama kwa kamba atasimama kwa hatamu, mradi hatamu zinaachia. Chuma cha lijamu hulala juu ya ulimi na kwenye ufizi usio na meno, mahali penye ngozi nyembamba juu ya mfupa. Mpandaji anayejishikilia kwa hatamu ili asianguke ananing'inia mdomoni mwa mnyama. Ukipoteza mizani, shika shingo au kamba ya shingoni. Hakuna aibu.

Kosa ninaloliona zaidi kwa vijana wa mazoezi ni kusema mambo mawili kwa mara moja: visigino vinabana mbavu vikisema nenda, mikono inavuta ikisema simama. Farasi hujibu kwa kurusha kichwa, nasi tunamwita mkorofi na kumwongezea mikanda kichwani. Sema neno moja. Ukitaka kusimama, miguu inyamaze, keti wima, toa pumzi, funga vidole. Akisimama, fungua vidole. Ukitaka aende, fungua mikono kwanza.

Mkao wenyewe hutegemea kazi. Katika matembezi na matiti, sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja. Joki anapokwenda shoti huchuchumaa juu ya vikuku vifupi, na mtindo huo haukuanzishwa kwa urembo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Science ulionyesha kwamba mkao huo ulipoenea, kati ya mwaka 1890 na 1900 hivi, muda wa mbio uliboreka kwa asilimia 5 hadi 7. Sababu ni kwamba magoti na nyonga za joki humeza mruko, kwa hiyo farasi anaubeba uzito bila kulazimika kuurusha juu na chini kila hatua. Gharama ni kwamba miguu ya joki inaungua. Kijana asiyeweza kuchuchumaa muda wote wa mazoezi asipewe farasi mchanga. Akichoka atakaa kwa kishindo, na mgongo wa farasi ndio utakaolipa. Lamu, kwa upande mwingine, wanaoshindana na punda wakati wa Maulidi huketi nyuma kabisa, karibu na mkia, bila tandiko. Mgongo wa punda haufanani na wa farasi, na watu wa Lamu hawakuhitaji jarida kuwaambia.

Punda si farasi mdogo

Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, akatazama, akafikiri. Hiyo ndiyo nusu ya elimu niliyoahidi. Kusimama huko tunakuita ukaidi, na fimbo inaanza. Punda anayesimama ghafla kwenye mtaro wa Kawangware baada ya mvua anauliza kina cha maji. Mpe nafasi ya kushusha kichwa na kunusa, mwelekeze mbele kwa mbano mdogo, achia akiinua mguu. Mara nyingi anavuka kabla hujamaliza kuhesabu kumi. Akigoma kila siku mahali popote, angalia mwili: kwato zilizorefuka, kidonda chini ya mkanda wa kifua, mzigo uliokaa mbele mno hadi mikono ya mkokoteni inamkandamiza mgongoni. Mzigo ukikaa sawa juu ya ekseli, mikono hiyo unaweza kuinua kwa mkono mmoja. Jaribu kabla ya kumfunga.

Na punda anayepigwa kila hatua hana njia ya kujua kiboko kipi kina maana. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga na kumbebesha kupita kiasi, lakini naomba tuseme lugha ya mfuko pia. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi Kenya. Ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda kwa ajili ya ngozi zinazouzwa China, wizi ukazidi na bei ikapanda. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Anayempoteza punda leo kwa kidonda cha mkanda hana uhakika wa kumpata mwingine kwa bei ileile.

Vifaa havihitaji duka la mtaa wa Karen. Humu Toi, kwenye marundo ya mitumba, kuna blanketi za pamba, mikanda mipana ya ngozi na vifungo imara vya mabegi. Blanketi iliyokunjwa na kushonewa chini ya mkanda wa kifua ni bora kuliko kamba ya nailoni au kipande cha tairi, ambavyo hukata ngozi jasho likishaingia. Ioshwe kila jioni, maana chumvi ya jasho ikikauka hukwaruza kama msasa.

Nimalizie na ombi kwa wenye mabanda na matrena waliokuja. Yote niliyosema saisi anaweza kuyafanya, ila kwa saa za nani? Leo anahesabiwa kwa mabanda aliyofagia na farasi aliosugua, na anayesimama na farasi mmoja akingoja uzito uhamie nyuma anaonekana mvivu. Tunaomba dakika kumi na tano kwa kila farasi, kila asubuhi, kabla ya kusugua, ziandikwe kwenye ratiba ya banda na zilipwe kama kazi. Kwa wenye mikokoteni ombi ni kwa kamati za stendi: pawepo na ua mmoja wenye kivuli na maji, ambapo punda mpya atafunzwa kwa mkokoteni mtupu kabla ya kutiwa barabarani. Maombi yote mawili yamechapwa kwenye karatasi iliyo pale mlangoni, na nafasi ya sahihi ya mwenye banda imeachwa chini.