Volti, Ampea na Joto Ndani ya Soketi



Nimechagua somo ambalo kila aliyesoma fizikia ya sekondari amekutana nalo, na ambalo wengi huliacha mlangoni mwa chumba cha mtihani: kupata ukinzani na nguvu ya umeme pale unapozijua volti na ampea. Nimelichagua kwa sababu nyumba zinaungua, na mara nyingi hesabu ambayo ingetoa onyo haizidi mistari miwili.

Aliyetupa mstari wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Köln, Ujerumani, Georg Simon Ohm. Betri za zama zake zilikuwa zikiishiwa nguvu upesi, kwa hiyo vipimo havikutulia. Akaziweka kando, akaunganisha bismuthi na shaba, kiungo kimoja akakitia kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto ilimpa umeme mdogo sana, lakini usioyumba. Hapo akaanza kubadilisha nyaya, ndefu kwa fupi, huku akisoma mkondo kwa sindano ya sumaku. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827, na nyumbani kwao kilipokelewa kwa ubaridi. Ilipofika 1841, Royal Society ya London ikamtunukia medali ya Copley. Mwaka huohuo James Joule, huko Uingereza, alionesha kwamba joto la waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne.

Basi, mstari wa kwanza, wa Ohm: gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani kwa omu. Wa pili: zidisha volti kwa ampea, upate nguvu kwa wati. Hayo tu.

Tuchukue birika la umeme lililoandikwa volti 230, wati 2000. Gawanya 2000 kwa 230: linavuta ampea 8.7. Gawanya 230 kwa 8.7: ukinzani wake ni kama omu 26.5. Katika chombo cha kupasha joto kama hiki, namba ya kushika ni hii ya mwisho, maana ndiyo inayobaki karibu palepale umeme unapopanda na kushuka. Wati 2000 ni ahadi yenye sharti: uniletee volti 230.

Sasa nyumba iko mwisho kabisa wa laini. Ni saa mbili usiku, kila mtu anapika, na mita inasoma volti 180. Volti zimepungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, na mtu angetegemea birika nalo lipungue kiasi hicho. Tupige hesabu. 180 ikigawanywa kwa omu 26.5 ni ampea 6.8, mara 180, tunapata wati zipatazo 1,220. Birika limepoteza karibu asilimia 40 ya nguvu, kwa sababu volti zikishuka huushusha mkondo pamoja nazo. Maji ya dakika tano sasa yanataka zaidi ya nane. Yuniti za mita ya LUKU zitakazoliwa ni karibu zilezile. Kinachopotea ni muda. (Msiipeleke hesabu hii kwenye friji. Mota yake volti zikishuka huvuta mkondo mkubwa zaidi ili iumudu mzigo, na hapo ndipo huungua.)

Lililonileta hasa ni hili. Ndani ya soketi kuna skrubu imelegea. Pale waya unapogusa shaba kwa shida pamezaliwa ukinzani mdogo, tuseme nusu omu. Birika likiwashwa, mkondo ni ampea 8.5 hivi. Zidisha kwa nusu omu: volti nne na kidogo zimebaki pale kwenye skrubu. Zidisha tena kwa 8.5, unapata wati 36. Chuma ambacho fundi redio huyeyushia risasi huwa na wati 30 hadi 40. Kwa hiyo ndani ya ile plastiki, nyuma ya ukuta, kuna chuma cha kulehemu kinachofanya kazi kila mnapochemsha chai.

Na fyuzi je? Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, nayo inaona 8.5. Haina sababu ya kukatika. Swichi kuu nayo haistuki. Birika linachemsha kama kawaida, maana volti nne halizihisi. Kinachotoa taarifa ni harufu ya plastiki, weusi pembeni mwa tundu, au plagi inayochoma mkono unapoichomoa. Ukiona moja kati ya hayo, acha kuitumia soketi hiyo, zima swichi kuu, mwite fundi.

Fyuzi ina kazi yake nyingine, nayo ni kubwa. Birika la wati 2000 na pasi ya 1500 kwenye ekstensheni moja ni wati 3500. Gawanya kwa 230, ni ampea zaidi ya 15. Hapo mzigo umeipita fyuzi ya 13, ingawa huenda isikatike kwa muda mrefu. Anayeitoa na kuweka kipande cha waya amemwondoa mlinzi, na mzigo wote umeangukia kebo nyembamba iliyokunjwa chini ya zulia, ambako joto halina pa kutokea.

Ninyi mafundi umeme, kazeni kila skrubu kabla ya kufunika soketi, hata kama mwenye nyumba anawaharakisha. Nanyi mliobaki, mkirudi nyumbani leo someni wati zilizoandikwa chini ya kila chombo cha kupasha joto, jumlisheni zilizo kwenye ekstensheni moja, gawanyeni kwa 230. Jibu likizidi 13, chomoeni kimoja.