"Wananchi hawali kabro": maneno ya jukwaani na maswali ambayo hayaulizwi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Jumapili jioni, kwa wale waliokosa kusikiliza na wale ambao bando iliisha katikati. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwenye maoni tunafuta, hata kama umemsifu.

Leo tunaongea kuhusu barabara za mitaa, taa, njia za miguu, bustani, stendi, yaani pesa ambazo kaunti inaweka kwenye sehemu ambazo sisi sote tunapita. Mada hii huibuka kila mjadala wa ugavana na kila mkutano wa wadi, na karibu kila mara inaishia kwa maneno yale yale. Aliye kitini anasimama na kusema: nimewaletea mulika mwizi kila soko, nimeweka kabro mji mzima, njooni muone. Anayetaka kiti naye anachukua maikrofoni: wananchi hawali kabro, hospitali haina dawa. Umati unapigia wote wawili makofi. Halafu tunaenda nyumbani bila kujua lolote jipya.

Mimi nadhani wote wawili wanatukwepa. Wa kwanza anahesabu alichozindua. Wa pili anajifanya kwamba barabara ya mtaani ni urembo tu. Na hakuna kati yao anayesema nani atalipa siku taa zikizimika.

Nianze na huyu wa pili kwa sababu maneno yake ni matamu. Ni kweli hakuna anayekula kabro. Lakini Wakenya wengi wanaenda kazini, shuleni na sokoni kwa miguu, na miaka nenda miaka rudi, takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la watu wanaouawa kwenye barabara zetu. Sio wenye magari, sio abiria wa matatu. Ni mtu anayetembea kando ya lami kwa sababu hakuna mahali pengine pa kutembea, mara nyingi gizani. Kwa hivyo njia ya miguu yenye upana wa maana, kivuko na taa ni suala la uhai, kama ilivyo dawa hospitalini. Na yule anayegongwa pia anapelekwa kwenye hospitali hiyo hiyo ambayo haina dawa.

Kuna na biashara. Mama mboga aliye chini ya taa anauza mpaka saa tatu, saa nne usiku. Aliye gizani anafunga jua likizama, na saa hizo ndizo wateja wanashuka kwenye matatu wakitoka kazini. Mtaro nao ukiwa mzima, mvua ya Aprili haiingii dukani. Kwa hivyo watu hawali kabro, lakini wengi wanakula kutokana na kile kinachouzwa pembeni mwa kabro.

Sasa nimgeukie huyu wa kwanza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapochezewa zaidi.

Swali la kwanza: hiyo barabara ni ya nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani, na pia bustani, fuo na sehemu za burudani za kaunti. Serikali kuu inabaki na barabara kuu za kitaifa. Kwenye karatasi, mambo ni wazi. Mtaani, ni vurugu. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya mashambani, na mashirika haya yote ya serikali kuu yako hai mpaka leo, miaka mingi baada ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Kwa hivyo katika mji mmoja mdogo, barabara inayopita katikati inaweza kuwa ya KeNHA, ile ya kuingia mtaani ikawa ya KURA, na ile ya kwenda stendi ikawa ya kaunti. Shimo likiwa kwenye makutano yao, bahati mbaya kwako.

Mkanganyiko huu una faida kwa wanasiasa. Barabara ikiwa nzuri, kila mtu ni baba yake. Ikiwa mbaya, ni yatima. Mfano mzuri ni Mombasa, ule ufuo wa Mama Ngina uliokarabatiwa mwaka 2019. Kazi ile ilifanywa na serikali kuu, ilhali kwa Katiba bustani na fuo za umma ni mambo ambayo ungetarajia kaunti iyashike. Watu wanapumzika pale jioni, wanakula viazi karai na mihogo, na ni haki yao. Ila wakati wa kampeni, uliza vizuri nani anajisifia nini.

Tazama pia pesa za ukarabati. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli ina shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Hata wewe usiye na gari unalipa, maana nauli ya matatu inabeba hiyo gharama. Kaunti na wabunge wamevutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za hazina hiyo, kila upande ukisema barabara ni zake. Ni mara chache utaona watu wakipigania mzigo hivyo! Wanachopigania ni pesa. Mashimo yenyewe hayana wa kuyagombea.

Swali la pili: pesa zilitoka wapi? Mmewahi kujiuliza kwa nini miji mingi ya kaunti ilianza kufanana ghafla, kabro zile zile, taa zile zile, mtaro ule ule wa zege? Sehemu kubwa ya jibu ni mpango unaoitwa KUSP. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mpango huo, na ukalenga miji 59 katika kaunti 45. Nairobi na Mombasa hazikuwemo. Ili upate, kaunti ilitakiwa kwanza kuunda manispaa yenye hati yake na bodi yake, chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Bodi ikaundwa, pesa zikaja, kabro zikawekwa.

Sisemi ilikuwa vibaya. Kuna miji iliyokuwa vumbi tupu na sasa mtu anatembea na kiatu safi. Nasema tu kwamba huo ni mkopo ambao mlipa ushuru wa nchi nzima analipa, pamoja na yule aliye kijijini ambako hakuna hata jiwe moja la kabro. Mheshimiwa anapokwambia "nimewaletea", ana haki ya kusifiwa kwa kusimamia kazi vizuri, kama aliisimamia. Hana haki ya kusema ni zawadi. Na zile bodi za manispaa, je, zinaamua kitu chochote tangu mpango ule upite, ama ni watu wanaolipwa marupurupu ya vikao? Hilo ni swali zuri sana la kumuuliza mgombea, na sijawahi kusikia likiulizwa.

Swali la tatu ndilo naliona kubwa kuliko yote: baada ya kukata utepe, nini?

Kuzindua ni kazi ya siku moja. Taa ya barabarani inakula stima kila usiku kwa miaka. Februari 2025, Nairobi tuliona kioja: malori ya kaunti yakimwaga taka nje ya makao makuu ya Kenya Power. Chanzo kilikuwa mzozo wa madeni. Kampuni ilisema kaunti haijalipa takriban shilingi bilioni 3 za stima, kaunti nayo ikasema kampuni inadaiwa mabilioni ya ada za kupitisha nguzo na nyaya kwenye ardhi yake. Watu walicheka na kutengeneza memu. Lakini fikiria: bili za stima za kaunti ndimo taa za mitaani zimo. Wakubwa wakishindwa kukubaliana nani anamdai nani, anayebaki gizani ni wewe unayeshuka stejini saa mbili usiku.

Kwa nini ukarabati unasahaulika? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Nia ni nzuri, kuzuia pesa zote kuishia kwa mishahara na safari, na hata hivyo ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikionyesha kaunti nyingi hazifiki hapo kwa matumizi halisi. Ila kuna mtego. Kuweka taa mpya kunahesabiwa kama maendeleo. Kubadilisha balbu iliyoungua, kuzibua mtaro, kulipa bili, hayo kwa kawaida huingia kwa matumizi ya kawaida, pamoja na chai ya vikao. Hakuna anayezindua balbu. Hakuna anayekata utepe kwa mtaro uliozibuliwa. Kwa hivyo ni rahisi zaidi, kisiasa, kuacha taa mia zife na kusimamisha hamsini mpya zenye bango la picha.

Na Nairobi mambo ya kuahidi tunayajua. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya usafiri usio wa magari, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Tembea kutoka Industrial Area hadi Mukuru jioni, uhesabu mwenyewe umekutana na hiyo asilimia mara ngapi. Halafu kuna Luthuli Avenue. Mwaka 2019 mtaa ule ulipangwa upya kwa msaada wa UN-Habitat: magari yakaachiwa njia moja, njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa, viti vikawekwa. Wazo zuri kabisa. Lakini pita pale leo, utapigania nafasi na pikipiki na bidhaa zilizotandazwa chini.

Hapa ndipo wengi mtaniambia: si ni wachuuzi ndio wanaharibu? Polepole. Mchuuzi hakuanguka kutoka mbinguni baada ya kabro kuwekwa. Alikuwa pale kabla. Miji yetu inapopanga barabara, inachora miti, viti, taa na maegesho, halafu inamwacha nje mtu ambaye kila mmoja wetu ananunua kwake. Mradi ukiisha anarudi, kanjo wanakuja, wanabeba mzigo, anarudi tena kesho. Kila mwaka wa uchaguzi anaruhusiwa kukaa, uchaguzi ukiisha anafukuzwa. Hiyo si mipango ya mji. Mchoro ukiwa na mita mbili za wachuuzi zenye alama, ada inayojulikana na pa kutupa taka, hata mwenye duka anajua wapi pa kulalamika. Ukimfungia nje ya mchoro, ataichukua njia yote ya miguu, na mama mwenye mtoto mgongoni atashuka kwenye lami. Tumerudi kwa zile takwimu za NTSA.

Kuna mahali wanafanya tofauti kidogo. Makueni inajulikana kwa kamati za mradi: wakazi wanachagua watu wao, wanaona mkataba ulisema nini, na mkandarasi halipwi mpaka kamati ikubali kazi imefanywa. Si uchawi, na kamati pia inaweza kununuliwa. Lakini ni vigumu kuweka mtaro wenye kina cha sufuria wakati anayeweka sahihi ni mtu ambaye maji yataingia kwake.

Mmoja wenu aliuliza: sasa sisi wa kawaida tunaingilia wapi? Kwa kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Hapo ndipo barabara yako inaingia au inaachwa. Waraka wa mkakati wa fedha unafika kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Mikutano ya umma tunayoitiwa huwa mingi karibu na hii ya mwisho, wakati unga umeshakandwa na wewe unaulizwa tu kama unapenda chapati. Nenda mapema. Ukifika, usiombe "barabara". Taja jina la barabara, uliza ni ya kaunti au ya KURA, uliza ni pesa ngapi zimetengwa za kurekebisha taa zilizopo. Ukiambiwa hakuna kifungu cha ukarabati, omba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mwingine aliuliza kama mwenye kibanda anayebomolewa kupisha mradi analipwa. Inategemea alikuwa kwenye ardhi gani na mradi unafadhiliwa na nani. Miradi ya Benki ya Dunia ina masharti ya kuwafidia wanaopoteza riziki hata kama hawana hati ya ardhi. Miradi ya pesa za kaunti yenyewe mara nyingi haina utaratibu kama huo, na notisi huja kwa rangi nyekundu ukutani. Ukiona wapimaji wakianza kupita na kamba, usisubiri hiyo rangi. Jiandikisheni kama kikundi, pigeni picha vibanda vyenu, mtunze risiti za ada mnazolipa kaunti kila siku. Risiti hiyo ni ushahidi kwamba walijua mko pale.

Jumapili ijayo, saa mbili usiku, tutaongea kuhusu basari: kwa nini kaunti, mbunge na serikali kuu wote wanamlipia mtoto mmoja karo nusu nusu.