Gurudumu Lisilozunguka kwa Wepesi: Ukaguzi wa Baiskeli Kuukuu Kabla ya Chama Kulipa

(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Baiskeli kuukuu za milimani, zile zenye tairi nene za meno na gia nyingi, huletwa kutoka ng'ambo ndani ya makontena, zimepangwa moja juu ya nyingine, na baadhi yake zimevuliwa magurudumu ya mbele ili zisichukue nafasi. Si ajabu kwamba chama cha msingi kinapotaka kuwakopesha wanachama wake vyombo vya kubebea maziwa, kahawa au pamba, jicho huangukia hizo. Fremu yake ni imara, gia husaidia mlimani, na bei huonekana nafuu.

Lakini unafuu wa bei hujulikana baada ya safari, wala si siku ya kununua. Mwanachama hukatwa fedha za mkopo katika malipo ya mazao yake, awe anaipanda baiskeli hiyo au ameiegemeza ukutani. Lita 40 za maziwa zina uzito wa zaidi ya kilo 41, madumu yenyewe hayajahesabiwa. Mtu anayesukuma mzigo huo kwa gurudumu linaloshikwashikwa huchelewa kufika kituoni, na maziwa yaliyochelewa juani hukataliwa. Hasara hiyo haiandikwi katika kitabu cha mikopo, bali mwanachama huibeba peke yake. Kwa hiyo katibu anayetia sahihi hati ya kupokelea baiskeli hana budi kujua kulikagua gurudumu, hata kama si fundi.

Yafaa kukumbuka kwamba ugonjwa huu ni wa tangu kuzaliwa kwa baiskeli hizi. Chimbuko lake ni wilaya ya Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, ambako mwaka 1976 vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli za kizamani zenye breki ndani ya habu ya nyuma. Mteremko ulikuwa mkali hata grisi ikaungua humo habuni, na baada ya kuteremka ilipasa habu ifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Walioendesha baiskeli hizo walijua mapema kwamba fremu imara haifai kitu ikiwa habu haitunzwi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Baiskeli iinuliwe, gurudumu lisukumwe kwa kidole kimoja tu, kisha liachwe. Gurudumu lenye afya hupunguza mwendo polepole, na linapokaribia kusimama huyumba mbele na nyuma kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, mpaka upande ulio mzito kidogo, mara nyingi ule wa vali, utulie chini. Gurudumu linalosimama ghafula bila kuyumba hata kidogo lina kitu kinacholishika. Kazi iliyobaki ni kukitafuta kitu hicho, na hapa ndipo mafundi wengi wa barabarani wanapokosea, kwa sababu hukimbilia kuifungua habu kabla ya kutazama breki. Kufungua habu huchukua muda mrefu, na gololi zikimwagika mchangani huwa shida nyingine. Breki hutazamwa kwa dakika moja.

Mkaguzi asikilize kwanza. Mkwaruzo usiokatika, wa mzunguko wote, waonyesha kwamba mpira wa breki umeegemea rimu, au kwamba gurudumu halikukaa katikati ya uma. Dawa ya hili la pili ni rahisi mno: legeza ekseli, simamisha baiskeli chini ili uzito wake ulikalishe gurudumu sawasawa, kisha kaza tena. Mkwaruzo unaokuja mara moja kwa kila mzunguko ni wa rimu iliyopinda, au wa tairi lisilokaa vizuri ndani ya rimu yake. Ukisikika mlio wa bati, huenda ni madigadi tu, na mkono mtupu unatosha kuinyosha.

Katika breki zenye mikono miwili inayobana rimu, kila mpira yafaa ukae umbali wa milimita 1 au 2 kutoka kwenye rimu. Mara nyingi upande mmoja huwa umegusa na mwingine uko mbali. Penye mkono wa breki, chini kabisa, pana skurubu ndogo ya kurekebisha springi. Ukiikaza, mkono wa upande huo husogea mbali na rimu, na ukiilegeza, hukaribia. Lakini ikiwa mikono yote miwili hairudi baada ya kubanwa, sharti ijulikane kama ugonjwa uko kwenye waya au kwenye mikono yenyewe. Waya ufunguliwe kutoka kwenye breki. Mikono ikicheza kwa wepesi baada ya hapo, basi waya ndio ulioshika kutu ndani ya ala yake, na gharama ni ya waya mpya na ala yake. Mikono ikiendelea kuwa mizito, kutu iko katika misumari inayoishikilia, nayo huvuliwa, husuguliwa, hupakwa grisi kidogo na kurudishwa. Hayo yote ni matengenezo ya bei ndogo, wala hayamnyimi mtu baiskeli.

Hapa pana hila ambayo kila katibu anapaswa kuijua. Muuzaji akiona gurudumu linagoma, njia fupi kwake ni kuilegeza breki kabisa. Gurudumu huzunguka kama pia, wanunuzi wakafurahi. Kwa sababu hiyo, gurudumu linalozunguka vizuri mno lastahili kutiliwa shaka kama lile linalogoma. Baada ya kulizungusha, mkaguzi abane breki na kutazama kama inashika kabla mkono wa usukani haujafika mwisho. Baiskeli yenye mzigo wa kilo 60 ikiteremka mlima bila breki haitofautiani na jiwe.

Rimu iliyopinda yahitaji uamuzi wa busara zaidi. Ikiwa imepinda kidogo, fundi mzuri huinyosha kwa kukaza spoku za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko, bila pupa. Spoku zilizokatika huwa aghalabu ni za gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo, kwa kuwa huko ndiko zinakovutwa kwa nguvu zaidi. Moja au mbili si neno. Hata hivyo, mkaguzi apitishe kidole juu ya uso wa rimu unaobanwa na breki. Rimu za alumini huliwa na breki mwaka hata mwaka, na zikiisha huwa na bonde kidoleni. Rimu ya namna hiyo, au yenye ufa penye tundu za spoku, isikubaliwe kwa bei yoyote, maana siku moja itapasuka mtu akiwa juu yake.

Ikiwa breki hazigusi na tairi haligusi, basi ugonjwa uko ndani ya habu. Gurudumu livuliwe, na ekseli izungushwe kwa vidole viwili. Vidole vitasema kweli. Ekseli nzito lakini laini maana yake koni zimekazwa kupita kiasi, au grisi imekauka kama nta. Ekseli inayokwaruza ina mchanga au maji. Ekseli inayozunguka kwa kurukaruka, kana kwamba inapita juu ya vijiwe, imekwisha kutobokatoboka njia ya gololi. Na ekseli ambayo ncha zake huyumba wakati wa kuzungushwa imepinda.

Koni iliyokazwa mno ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote, na habari njema ni kwamba haihitaji kipuri. Zahitajiwa spana mbili nyembamba za koni, mara nyingi ya 13 kwa mbele na ya 15 kwa nyuma, kwa sababu spana za kawaida ni nene na haziingii. Koni hulegezwa kidogo kidogo mpaka ekseli izunguke laini bila kuchezacheza, kisha nati ya nje hubanwa dhidi ya koni. Nati hiyo isipobanwa vizuri, koni hujikaza yenyewe njiani, na gurudumu lililotoka dukani likiwa jepesi hufika nyumbani limegoma. Kwenye ekseli zenye mkono wa kufungia badala ya nati mbili, fundi aache mchezo mdogo sana, kwa kuwa mkono ule ukifungwa huibana ekseli na kuumaliza mchezo huo. Asiyejua jambo hili atairekebisha habu mezani ikawa safi, kisha atashangaa inapogoma ikiwa ndani ya uma.

Habu ikifunguliwa, yote yaliyomo yaoshwe kwa mafuta ya taa, yafutwe, yakaushwe. Habu nyingi za mbele za baiskeli hizi huchukua gololi 10 kila upande, za inchi 3/16, na za nyuma huchukua 9 kila upande, za inchi 1/4. Gololi mpya hazina bei kubwa, nazo zibadilishwe zote pamoja. Koni iliyotoboka nayo hubadilishwa. Lakini kikombe kilicho ndani ya habu kikitoboka, habu imekwisha, kwa sababu kwa kawaida hakitoki. Katibu achukue tochi, atazame ndani, na akiona vishimo asiendelee na mazungumzo ya bei. Baadhi ya habu za karibuni hazina koni, bali bea zilizofungwa, ambazo hutolewa na kuingizwa nzima. Hizo si mbaya, ila yapasa kuhakikisha kwamba bea za kipimo hicho hupatikana mjini.

Gurudumu la nyuma lina mashaka yake. Kabla ya kulipima, mnyororo utolewe juu ya meno, vinginevyo haitajulikana kama uzito ni wa habu au wa friwili. Gurudumu likiwa jepesi bila mnyororo na zito likiwa nao, friwili imeganda kwa uchafu. Dawa yake ni kuiosha na kuitia mafuta mepesi, si grisi nzito. Aidha, habu ambazo friwili yake imesokotwa juu yake huiacha sehemu ndefu ya ekseli bila tegemeo upande wa kulia, na mzigo wa keria huipinda. Kwa chama kinachobeba maziwa au magunia, hilo si jambo dogo, na ekseli ya akiba iwekwe ghalani tangu siku ya kwanza.

Baiskeli zenye breki za diski hupendeza macho, lakini zataka tahadhari. Ikiwa ni za mafuta, na mtu akabana breki wakati gurudumu limevuliwa, vibanio husogea karibu na kukataa kurudi, hata gurudumu lisiingie, au liingie na kugoma kabisa. Kwa baiskeli zilizosafirishwa bila magurudumu jambo hili ni la kutazamiwa. Vibanio vyaweza kurudishwa taratibu kwa ubao safi, bapa. Diski isipakwe mafuta kamwe, wala isiguswe kwa vidole vyenye grisi. Mafuta ya breki hizo nayo si ya aina moja, na yakichanganywa huharibu mipira ya ndani. Chama kilicho mbali na mji kitafanya vyema kuchagua breki zinazobana rimu na kuwaachia wengine diski.

Mwisho wa ukaguzi, isisahauliwe kwamba baiskeli yaweza kuwa nzito ilhali magurudumu yake ni mazima. Tairi la meno lenye upepo mdogo hunung'unika juu ya barabara ngumu na kumla mtu nguvu. Upepo unaotakiwa umechapwa ubavuni mwa tairi. Tena tairi lenyewe likichakaa lisitafutwe kwa neno la "inchi 26" peke yake, maana zipo rimu za inchi 26 zisizolingana. Tairi la 26 x 1 3/8 la baiskeli za kawaida halikai kwenye rimu ya 26 x 1.95 ya baiskeli ya milimani.

Kwa upande wa karatasi, kila baiskeli ipewe mstari wake katika daftari: nambari ya fremu, ambayo kwa kawaida huwa imegongwa chini penye pedeli, hali ya gurudumu la mbele, hali ya la nyuma, breki, na kasoro zilizokutwa pamoja na gharama ya kuzirekebisha. Gharama hiyo ijadiliwe na muuzaji kabla ya malipo, siyo kuongezwa baadaye juu ya mkopo wa mwanachama bila yeye kujua. Mwanachama atakayepewa baiskeli awepo siku hiyo, alizungushe gurudumu kwa mkono wake, na atie sahihi mbele ya mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi. Spana mbili za koni, kopo la grisi, gololi za vipimo viwili na chupa ya mafuta mepesi vinunuliwe pamoja na baiskeli za kwanza, viandikwe katika daftari la mali ya chama, na ufunguo wa sanduku lake ukae kwa mtunza ghala.