Hukumu ya Muthurwa, Ramani ya Mukuru



Wakili wa haki za binadamu huulizwa kwanza ameshinda kesi ngapi. Mimi namuuliza amefanya nini baada ya hukumu kusomwa.

Julai 2010 bomoabomoa ilianza Muthurwa, mtaa wa Nairobi uliojengewa wafanyakazi wa reli. Katiba mpya ilipoanza kutumika mwezi uliofuata, wapangaji waliishika wakaingia nayo Mahakama Kuu: Satrose Ayuma na wenzake 11 dhidi ya wadhamini wa mfuko wa pensheni wa Shirika la Reli. Mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao, ikiwemo ya makazi chini ya Ibara ya 43, zilikiukwa. Tena akampa Mwanasheria Mkuu siku 90 aieleze mahakama serikali imefikia wapi na sera na sheria ya kufurusha watu. Sheria yenyewe, inayodai notisi ya miezi mitatu, ilipitishwa 2016.

Katika miaka ya namna hiyo, ya kungoja baada ya hukumu, ndipo kazi ya mtu kama Jane Weru inapoonekana. Ni wakili aliyewatetea waliofurushwa akiwa Kituo cha Sheria, kisha akaanzisha Pamoja Trust, na baadaye akaongoza Akiba Mashinani, mfuko unaohudumia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda. Kazi hiyo, kwa macho ya wengi, haifanani na uwakili. Huko Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, vijana wa kijiji wanaandika namba kwenye mlango wa mabati, wanabisha hodi, wanauliza: mnalala wangapi humu, kodi ni kiasi gani, mwenye nyumba ni nani, choo kiko wapi, mtungi wa maji mnanunua pesa ngapi? Majibu hayo yakijumlishwa yanakuwa ushahidi ambao ofisa wa mipango hawezi kuupuuza. Yalionyesha kwamba maskini wa Mukuru hulipia maji ghali kuliko mteja wa mfereji kwenye mitaa iliyopangwa. Jambo hilo hunikasirisha hadi leo.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, ingawa sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imegawiwa watu binafsi zamani. Mashirika zaidi ya 40 yaliketi na wakazi kuchora mpango: wanasheria, wahandisi, watu wa afya.

Hata hivyo, Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Sheria ya notisi ilikuwa na umri wa miaka mitano.

Wanafunzi wa sheria, nawasihi: kabla hamjavaa joho, nendeni Mukuru mkashike daftari la kuhesabu nyumba, mkaribishwe na wanaoishi humo. Wanahitaji mawakili wanaoujua mpango ule ukurasa kwa ukurasa, na wanawahitaji sasa.